Kopo la Nne

Ukiniuliza sinema bora za themanini na nne
usitarajie nikutajie waliotuzwa.
Majina sikuyashika. Mikanda niliishika,
kopo baada ya kopo, bati la moto kifuani,
kati ya kumbi mbili za Kisumu na nakala moja.

Ndivyo Bwana Hansraj alivyobana matumizi:
filamu ikodishwe Nairobi, ishuke kwa gari moshi,
ukumbi wa stesheni uanze saa kumi na mbili unusu,
wa Kaloleni saa moja na robo,
na katikati niwe mimi
na baiskeli isiyo na breki ya nyuma.

Basi orodha yangu ni ya vipande.

Mpishi wa Kichina aliyepigana na kijiji kizima kwa mwiko.
Nilimwona akiuinua. Hadi leo hajaushusha.

Ile ya Kihindi, saa tatu na dakika kumi:
mkuu wa stesheni anachelewesha treni kila Ijumaa
ili mwanamke mmoja asiikose.
Niliikuta ikiimba, nikaiacha ikiimba.
Wapagazi wetu waliirudia mara sita.

Kisha ile ya theluji. Jioni hiyo sami,
wale visubi wa ziwani, waliingia kwa mafungu
wakajaa kwenye mwale wa taa ya Onditi,
theluji ikaanguka ndani ya theluji,
watu wa viti vya mbele wakafunika njugu zao kwa viganja.
Mzee mmoja akasema: kumbe huko nako kuna sami.

Ulikuwa mwaka wa ukame, mwaka wa mahindi ya manjano,
foleni za unga hadi Kibuye,
na bado watu walitoa shilingi tatu wakae gizani.
Usiniulize kwa nini.
Labda njaa nayo hutaka kutazama kitu.

Nerea alikata tiketi Kaloleni.
Mumewe, fundi wa mitambo kule Miwani, alizikwa Februari.
Alirudi dirishani kabla watu hawajamaliza kumpa pole,
akasema msiba haulipi kodi.
Ndani hakuingia. Sinema zote alizisikia kupitia ukutani,
akajua za vita kwa mtikisiko wa sarafu kwenye droo.

Sasa hii. Sijui ilitoka nchi gani.
Mke, mume, shamba la mawe, maneno ya kuhesabika.
Kopo la nne: mume anarudi jioni, ananawa,
anaonja, anasema viazi havina chumvi.
Kopo la tano: kaburi. Mke anaosha sahani moja.

Usiku huo nilipata pancha kwenye njia ya reli.
Nikasukuma baiskeli, la nne limefungwa mgongoni,
na mpwa wa Hansraj, aliyetumwa na la tano kwa gari,
akanipita gizani bila kuniona.

Kaloleni walikuwa wakigonga viti.
Onditi akaweka alichokuwa nacho.
Kaburi, basi. Sahani moja.
Kisha nikaingia mimi, jasho tiritiri,
naye, mtu wa utaratibu kuliko wote niliowajua,
akaliweka la nne vilevile. Watu walikuwa wamelipa.

Mlango ukafunguka. Mume akaingia.
Akanawa.
Viazi havina chumvi.

Hakuna aliyepiga mluzi, hata wale wa nyuma.
Mimi sikuwa na kopo jingine la kukimbilia,
nikasimama; ndio mwisho wa kwanza niliouona mwaka ule,
na haukuwa mwisho.
Kando yangu alisimama Nerea,
dirisha ameliacha wazi,
bunda la tiketi mkononi kama bangili.
Alicheka. Nadhani alicheka.

Asubuhi alinikuta nikiziba tairi.
"Leo pia," akasema, "chelewa."

Nilichelewa siku tatu, tairi likiwa zima.
Hansraj alinikata mshahara.
Siku ya nne nakala ilirudi Nairobi.